Kuujua mkono wako: jinsi ya kukamata mazoea yako ya uandishi ukiipitia drafti ya riwaya

Mtu akimaliza drafti ya kwanza ya riwaya, hadithi huwa aijua vizuri sana, mkono wake haujui hata kidogo. Yaani wajua Mwanasha alitoroka saa ngapi na nani alimfungulia mlango, lakini hujui kwamba kila mtu kwenye kitabu chako hushusha pumzi kabla hajajibu swali, kwamba sura zako nyingi zaanza alfajiri na muadhini, na kwamba "ghafla" imeingia mahali ambapo hakuna kitu cha ghafla kilichotokea, mtu kainuka tu kwenda kunywa maji. Hayo ndo mazoea. Ukiandika huyaoni, mkono wayafanya wenyewe, kama makanga wa matatu ya Bamburi anavyogonga bodi gari iende, hata haangalii.

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye drafti nzima iko tayari, imefika mwisho, hata kama mwisho wenyewe ni mbovu. Kama bado uko katikati, endelea kuandika kwanza, kujichunguza mapema kunaua mwendo na riwaya nyingi za watu hapa mjini Mombasa zimekwama sura ya nne kwa sababu hiyohiyo.

Hatua ya 1: Iache ilale

Hapa sina mengi. Tengeneza kopi mbili, moja ya kutunza na moja ya kuchezea, ipe kila moja jina lenye tarehe, jitumie moja kwa imeili, alafu iache. Mwezi mmoja ukiweza. Kama Ramadhani iko karibu, maliza drafti kabla na uifungue baada ya Idi, ndo muda mzuri wala hutahitaji kujilazimisha.

Hatua ya 2: Ibadilishe sura, alafu uisome bila kurekebisha

Jicho lako lishaizoea hiyo skrini, laruka maneno. Kwa hivyo ukiweza enda cyber ukaprinti. Riwaya ya maneno 80,000 kwa nafasi ya mistari miwili ni karibu kurasa 270, kwa hivyo ulizia bei kwanza, na waombe wakuprintie pande zote mbili. Kama pesa hakuna, badilisha fonti, ongeza ukubwa wa herufi, itoe kama PDF, uisomee kwenye simu ukiwa kwenye foleni ya feri Likoni kama kitabu cha mtu mwingine. Huo usomaji wa simu usiudharau, msomaji wako naye ndivyo atakavyokisoma.

Sheria ni moja na ni ngumu: hurekebishi kitu. Weka alama tu pembeni. Mimi napendekeza herufi tatu basi: R pale unapohisi "hii nishaisoma", B pale unapoboeka, na S pale ambapo hujasadiki. Usielezee kwa nini. Ukianza kurekebisha ukurasa wa 3 hutaufikia wa 30, na mazoea hayaonekani kwenye kurasa thelathini, huonekana kwenye mia mbili.

Hatua ya 3: Isikie

Soma kwa sauti sura tatu angalau: moja ya mwanzo, moja ya katikati, moja ya karibu na mwisho. Kiswahili ni lugha ya sikio, na mtu wa Pwani aliyekua akisikiliza mashairi na taarabu ana sikio zuri kuliko anavyodhani. Utasikia mwenyewe sentensi tano zenye urefu mmoja zikifuatana tap tap tap.

Alafu iwache mashine ikusomee. Kivinjari cha Microsoft Edge kina sauti za Kiswahili, cha Kenya na cha Tanzania, ukifungua PDF ukabonyeza Read Aloud ukachagua sauti itakusomea yote. Uzuri wa mashine ni kwamba haikusaidii. Wewe ukisoma, waweka hisia palipokauka, wakaza sauti pale ambapo maneno yenyewe hayakukaza. Mashine yasoma kilichoandikwa tu, na palipo na "akamwambia" nane kwenye ukurasa mmoja utazisikia zote nane.

Hatua ya 4: Fungua daftari

Sasa chukua zile R zako uzihamishe kwenye daftari. Kila zoea lipe ukurasa wake: zoea lenyewe, mifano miwili mitatu kama ilivyo, na sura lilipotokea. Usijumlishe kwa maneno makubwa kama "maelezo yangu dhaifu", hiyo haikusaidii kutafuta. Andika kitu unachoweza kukitafuta: "watu wangu hugeuka dirishani wakiwa na huzuni". Hilo lina neno, dirisha, na neno latafutika.

Hatua ya 5: Tafuta kwa mzizi

Hapa ndo pana kazi, na ndo miongozo mingi ya watu wa Kiingereza haitusaidii. Wao wakitafuta neno moja walipata, sisi kitenzi chetu chabadilika kichwa na mkia. Ukitafuta "alitazama" umeacha akamtazama, wakatazamana, akimtazama, ametazamwa na alipoutazama. Kwa hivyo tafuta "tazam" bila a ya mwisho, na uhakikishe hujaweka tiki kwenye "Find whole words only" ya Word. Vivyo hivyo "shush" kwa pumzi zote zinazoshushwa, "tikis" kwa vichwa vyote, "tabasam" kwa tabasamu, atabasamu na wakatabasamu, "geuk" kwa wanaogeuka. Hata simu yafanya hili, Google Docs ya simu ukitafuta "tazam" itakuonyesha zimepatikana ngapi.

Vijineno vidogo ni kinyume chake. "Kwa", "basi", "huku", "ndipo", "sasa" vitafute kama neno zima, la sivyo "kwa" itakuletea kwamba, kwani na kwaheri.

Idadi peke yake haisemi kitu mpaka uigawanye. Tuseme umepata "shusha pumzi" 64 kwenye maneno 80,000. Gawanya: mara moja kila maneno 1,250, yaani kila kurasa nne hivi kuna mtu anapumua kwa nguvu. Hicho si kitabu, ni wodi ya pumu. Lakini 64 za neno "alisema" ni chache sana. Kwa hivyo jiulize kila mara: msomaji anakutana na kitu hiki baada ya kurasa ngapi, na je, ni kitu kinachojificha au kinachoonekana? "Alisema" hujificha, waweza kuiweka mara mia tano. "Macho yake yalimetameta kama nyota" ikitokea mara mbili kitabu kizima, msomaji ashakukamata.

Sasa -ka-, ile ya akaenda, akasema, akakaa. Hii ndo pepo mkubwa wa riwaya zetu. Kwenye Word fungua Find ya Advanced, weka tiki kwenye "Use wildcards", alafu andika <[Aa]ka[a-z]@> na utapata kila neno linaloanza na aka, liwe mwanzoni mwa sentensi au katikati. Hayo mabano ya A kubwa na ndogo usiyasahau, ukitumia wildcards Word hutofautisha herufi kubwa na ndogo. Kwenye LibreOffice weka tiki kwenye "Regular expressions" uandike \b[Aa]ka\w+ na kazi ni ileile. Itakuokotea na akaunti na akamba, sawa, zipuuze. Ukirudia kwa waka, "wakati" zitakuja kibao.

Ukitaka kuziona zote kwa pamoja, kwenye Word tumia Replace: juu weka hiyo hiyo, chini weka ^& ambayo yamaanisha rudisha ulichokipata, kisha kwenye Format chagua Highlight, alafu Replace All. Fanya kwenye ile kopi ya kuchezea. Dokumenti itajaa rangi, na ukiipunguza uone kurasa nyingi kwa mpigo utaona wazi wapi rangi imerundikana na wapi haipo. Hiyo ramani ya rangi iangalie vizuri, tutairudia.

Hatua ya 6: AntConc, kwa mwenye laptopu

Kuna programu ya bure inaitwa AntConc, imetengenezwa na Laurence Anthony wa chuo kikuu cha Waseda huko Japani. Watafiti wa lugha ndo hasa huitumia lakini kwa mwandishi ni dhahabu. Hifadhi riwaya yako kama faili la txt, chagua UTF-8, lifungue humo. Humo mna sehemu iitwayo Word (si Microsoft Word), itakupangia maneno yako yote kuanzia yaliyotumika zaidi. Ya juu kabisa yatakuwa ya, na, wa, kwa, hayo hayana habari. Shuka polepole mpaka ukutane na neno la kwanza ambalo halina sababu ya kuwa juu hivyo. Kwa wengi huwa ni "kwamba", "ambaye", "kweli", "labda", "hata", au kiungo cha mwili.

Alafu enda sehemu ya KWIC, yaani neno na jirani zake, andika *tazam*, itakupangia kila tukio kwenye mstari wake na maneno ya kushoto na kulia. Panga kwa neno la kulia. Hapo utaona "akamtazama kwa makini, akamtazama kwa makini, akamtazama kwa makini" imejipanga kama askari. Orodha ya hivyo hukata ubishi kabisa, huwezi kujiambia "aa, ni mara moja mbili tu".

Hatua ya 7: Pa kuangalia zaidi

Mazoea ya kila mtu ni yake ila kuna mahali ambapo waandishi wa huku kwetu hukutwa sana, anza hapo.

Viwiliwili. Kichwa, macho, pumzi, moyo, mikono. Mtu akihuzunika machozi yamtiririka, akiogopa moyo wamdunda, akikasirika ameuma meno. Tafuta viungo vyote kimoja kimoja.

"Akaanza ku-", "aliweza ku-", "alijikuta aki-". Akaanza kulia, kwani alikatizwa? Aliweza kuuona mlango, si aliuona tu? "Akaanza" ibaki pale ambapo kitu kilianza kisha kikavurugwa. Nyingine zote kata, sentensi itajinyoosha yenyewe.

Methali. Kama msimulizi wako asema "wahenga hawakukosea" kila mwisho wa sura, huyo ni mwalimu wa insha kaingia ndani ya kitabu. Shule ilitufundisha hivyo na tulipewa alama, lakini riwaya haina msahihishaji. Methali mwachie mhusika mmoja, bibi au mlevi, iwe ni yake.

Utalii. Hili ni letu sisi wa Mombasa. Mhusika apita Ngome (Fort Jesus) amekimbia, afukuzwa na watu wenye mapanga, na bado twaambiwa Wareno walianza kuijenga 1593 na UNESCO ikaiorodhesha 2011. Tafuta majina ya mahali: Ngome, Mji wa Kale, Mama Ngina, Makadara, Kongowea, yale mapembe ya Moi Avenue. Kila ukilipata jiulize ni nani anayepaona hapo. Mtoto wa Kibokoni haoni "milango ya nakshi ya kuvutia", aona mlango wa kina fulani ambao komeo yake haishiki.

Hali ya hewa. Soma upepo wako. Ukisema kaskazi yavuma kisha baada ya kurasa tatu mhusika asherehekea Madaraka, una shida, Juni ni kusi. Hili ni kosa la ukweli tu lakini huwa latokana na zoea, mtu ana upepo mmoja aupendao na auweka kila mahali.

Na lugha ya msimulizi. Mkutano wa 1928 ambao ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika hapahapa Mombasa, na tangu hapo mwandishi wa hapa ana lugha mbili kichwani, ya nyumbani na ya darasani. Akichoka, au akichangamka, Kimvita, Kiswahili chetu cha Mombasa, chapenya. Msimulizi aliyekuwa akisema "anakuja" na "macho" ghafla asema "yuwaja" na "mato", na msomaji wa Dodoma akikutana na "akateka" atauliza kamteka nani, kumbe mtu alicheka. Mi siko upande wa wanaosema uondoe Kimvita chote, hapana, ningependa riwaya zaidi zisimuliwe kwa Kimvita kitupu. Lakini chagua. Pitia na utambue ni sura zipi umeteleza, na utashangaa, mara nyingi ndo sura bora kwenye kitabu.

Mazungumzo yana njia yake. Chagua mhusika mmoja, nakili kila kitu anachosema toka mwanzo hadi mwisho, kibandike kwenye faili lake peke yake, ukisome mfululizo. Fanya hivyo kwa watu wanne wakuu. Kama babu wa Mtongwe na binti wa kampasi wote wasema "maanake" na "wallahi vile", basi hao si watu wanne, ni wewe umevaa kanzu tofauti.

Hatua ya 8: Karatasi ya milango

Chukua karatasi moja. Andika sentensi ya kwanza na ya mwisho ya kila sura, basi. Sura zinazoanza na mtu kuamka, zinazoishia na mtu kulala au kufunga mlango au kutazama bahari, zote zitajianika. Haichukui jioni nzima na hakuna kifaa kingine kinachoonyesha mengi hivyo kwa kazi ndogo hivyo.

Hatua ya 9: Tafuta yaliporundikana

Sasa rudi kwenye ile ramani ya rangi. Watu wengi wakifika hapa huanza kufuta maneno, na hapo ndo marekebisho huharibika. Zoea halijatawanyika sawasawa kitabuni. Liko kwa wingi mahali fulani na halipo kabisa mahali pengine, na ukienda kuangalia palipo na wingi utakuta karibu kila mara ni eneo, yaani kipande cha hadithi, ambalo hukulijua ulipokuwa ukiliandika. Hukujua chumba kilikuwaje, au hukujua mama anataka nini, au ulijua na uliogopa kuliandika. Mkono haukutaka kusimama, ukaweka pumzi, kichwa, macho, mpaka ufike eneo linalofuata.

Tazama hii:

"Mwanasha akaingia ndani. Akashusha pumzi. Akamtazama mamake. Mamake akatikisa kichwa polepole. Mwanasha akaanza kulia."

Ukifuta "akashusha pumzi" umebaki na vitendo vinne vitupu. Ukibadilisha "akamtazama" kuwa "akamkodolea" umezidisha ubaya. Swali ni: hicho chumba kina nini, na mama amefanya nini saa nzima iliyopita? Ukilijibu, labda utapata hivi:

"Mwanasha alipoingia mamake alikuwa keshaikunja mikeka yote, hata ule wa wageni. Sufuria ya mbaazi iko chini, haijafunikwa, imejaa nzi. 'Babako kapiga simu,' mama alisema, na akaendelea kuufunga ule mkeka ambao ulikuwa umeshafungwa."

Hakuna kilio, hakuna pumzi, na -ka- imebaki moja kwenye usimulizi, ile inayofanya kazi. Hata "alipo-", "alikuwa kesha-" na "haijafunikwa" zimeingia zenyewe kwa sababu sasa kuna vitu vya wakati tofauti ndani ya chumba. Kwa hivyo usijifundishe kukwepa -ka-, ijaze nyumba vitu na -ka- itapungua.

Baada ya hapo gawanya daftari lako mafungu matatu. Yale unayoyaacha, kwa sababu ndo sauti yako: labda wapenda sentensi ndefu zinazozunguka zikarudi, au waita kila mtu kwa jina la mamake, hiyo iache, wala usimruhusu mtu akunyooshe. Yale ya kupunguza. Na yale ambayo kila yanapotokea ni alama ya eneo la kuandikwa upya. Fungu la tatu ndo lenye kazi ya miezi, mengine ni ya wiki moja.

Hatua ya 10: Zoea moja kwa mzunguko mmoja

Usijaribu kukamata yote ukianza ukurasa wa kwanza. Anza na maeneo ya kuandikwa upya, kwa sababu hayo yakibadilika maneno mengi huondoka yenyewe bila kuguswa. Kisha viwiliwili peke yake, kisha mazungumzo, na vijineno kama "kweli" na "basi" viwe vya mwisho kabisa.

Na Replace All iogope. Kiswahili hakisamehe. Umeamua Ali sasa aitwe Omari, ukabonyeza bila kuchagua neno zima: kila "alikuja" imekuwa "Omarikuja". Umebadilisha Juma, ukapata "Omarimosi" sokoni. Weka tiki ya neno zima na ya herufi kubwa, na hata hapo pitia moja moja.

Hatua ya 11: Hesabu tena

Ukimaliza rudia hatua ya 5 na ya 6 kwenye drafti mpya, kwa sababu mkono ukinyimwa kitu hutafuta kingine. Uliwakataza watu wako kushusha pumzi, sasa utakuta wote "wananyamaza kidogo". Uliondoa dirisha, wote wameshika vikombe vya kahawa. Tafuta "nyamaz", tafuta "kikombe", linganisha na hesabu ya kwanza kwenye daftari. Hapo sasa mpe mtu mmoja asome, asiwe mwandishi, awe mtu wa kusoma tu, na usimuulize kama ni nzuri. Mpe penseli, mwambie aweke B palipomboa. B zake ukizilinganisha na zako za hatua ya 2, zile zilizobaki palepale ndo unazoanza nazo kesho.